Dawa za Bibi, Ukurasa wa Tano

Zamu ya kusoma ilikuwa ya Profesa, na darasa la tatu lote lilijua kwamba Profesa akishashika kitabu hakamatiki mpaka afike jalada la nyuma.

Alikuwa msichana wa miaka tisa. Jina hilo alipewa na wenzake kwa kejeli, siku alipomuuliza mwalimu wa hesabu kama sifuri ina kitu ndani. Walitaka aone aibu. Yeye akalivaa kama sare mpya, akaliandika mpaka kwenye daftari.

Alisimama mbele ya ubao, kitabu chake cha manila mikononi, kurasa nane zilizobanwa katikati kwa pini mbili za stepla. Jaladani alikuwa amechora kiti, mwanamke mzee, na kikombe kikubwa kuliko kichwa cha huyo mwanamke. Juu yake aliandika: *Dawa za Bibi. Kitabu cha Mambo ya Kweli.*

"Sauti, Profesa," alisema mwalimu wake.

Mwalimu huyo waliwahi kumwita kila kitu kabla ya kutulia kwenye Mwalimu Mdogo. Alikuwa ametoka chuoni miezi mitatu tu iliyopita, na akisimama gwarideni, ukimtazama kwa nyuma, unaweza kumchapa ukidhani ni mwanafunzi aliyesahau sare. Alikuja na begi moja la nguo na sanduku zima la vitabu vya picha: vya meno, vya madaraja, vya vichuguu vya mchwa, vya namna mkate unavyoumuka. Shuleni hapo watoto walikuwa wakifundishwa kuandika kwa kunakili insha ubaoni, insha ile ile waliyonakili kaka zao. Yeye aliwapa vile vitabu wavifungue kama fundi anavyofungua redio. Mwandishi ameanzaje? Kwa nini ameweka mshale hapa? Hiki kisanduku cha pembeni kinachouliza "Je, wajua?" kinafanya kazi gani? Kisha akawaambia kila mmoja aandike chake, nakala mbili, moja ya rafu ya darasani na moja ya nyumbani, kuhusu jambo analolijua kwao.

Na aliwawekea sharti. Kila sentensi iwe na alama mwishoni. Ukiona kwa macho yako, chora jicho. Ukiambiwa, chora sikio. Usipokuwa na hakika, weka alama ya kuuliza. Watoto walilipenda sharti hilo kuliko mapumziko. Wakisoma, walizitamka hata alama zenyewe.

"Ukurasa wa nne," alisoma Profesa. "Bibi alilazwa hospitali. Jicho. Aliporudi alipewa kidonge cheupe. Jicho. Hukimeza baada ya kula, asubuhi, mchana na jioni. Jicho. Daktari alisema kinatuliza presha. Sikio."

"Safi," alisema Mwalimu Mdogo. Alikuwa ameegemea dirisha, akitazama nyuso zile hamsini na mbili, na moyoni alijiona tajiri. Mlangoni alikuwa amesimama mwalimu wa hesabu, kipande cha chaki sikioni, aliyepita kuchungulia kama kawaida yake ili apate cha kutania ofisini.

"Ukurasa wa tano. Bibi ana dawa nyingine. Ni ya bluu. Jicho. Hukaa kwenye kopo la biskuti. Jicho. Hatua ya kwanza, chukua kidonge cheupe kimoja. Hatua ya pili, chukua kidonge cha bluu kimoja. Hatua ya tatu, meza vyote kwa maji mengi. Rudia mchana na jioni." Alimeza mate, akapandisha sauti, maana alikuwa amefika sehemu aliyojivunia. "Je, wajua? Pakiti ya bluu na pakiti nyeupe zina majina makubwa tofauti, lakini jina dogo la chini ni lile lile, herufi kwa herufi. Jicho, jicho, kwa sababu niliangalia mara mbili!"

Darasa likacheka na kupiga makofi. Mwalimu Mdogo naye alianza kupiga, mara moja, mara mbili. Kofi la tatu halikutoka.

Mama yake mwenyewe alikuwa mgonjwa wa presha. Kuna mwaka nesi mmoja aliwaketisha, akawaonyesha pakiti: hili jina kubwa ni la kampuni, wanaweza kuliita wanavyotaka. Jina la dawa ni hili dogo. Someni hili dogo.

"Profesa, njoo na kitabu."

Alikipokea. Mtoto alikuwa amechora pakiti mbili kwa penseli za rangi, na kwa kuwa alifundishwa kunakili maandishi yalivyo, alinakili yote. Juu, majina mawili yasiyofanana hata kidogo. Chini, kwa herufi ndogo kama nyayo za sisimizi, neno moja, mara mbili.

"Bibi anameza zote mbili?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Umeona? Au umeandika tu?"

Profesa alinyanyua uso, na alionekana kutukanwa. "Nimetia jicho, Mwalimu."

"Tangu lini?"

"Tangu Jumamosi. Zamani alikuwa anasahau za bluu. Zilikaa tu kwenye kopo. Sasa hasahau, kwa sababu kitabu changu cha nyumbani tumekitundika juu ya ndoo ya maji. Tumepitisha uzi katikati, kwenye pini, kwa hiyo kinafunguka chenyewe ukurasa wa nne na wa tano." Alitabasamu, mapengo nje. "Bibi anasema kina nyota ya mwalimu, hawezi kukibishia."

Mwalimu Mdogo aliukumbuka ukurasa huo. Alhamisi, mtoto huyu alimletea kitabu chenye ukurasa wa tano mtupu kabisa, akasema ameishiwa. Naye, kwa haraka, huku watoto wanane wakimvuta gauni, alimjibu: kitabu kizuri hakiachi ukurasa mtupu, nenda nyumbani kaangalie vizuri, utapata kitu. Mtoto akaenda, akaangalia vizuri, akafungua kopo. Na Ijumaa, kengele ikikaribia, mwalimu alibandika nyota za dhahabu juu ya majalada yote, ya darasani na ya nyumbani, na mengi hakuyafungua.

"Leo asubuhi Bibi alikuwaje?"

"Alikuwa amelala." Profesa alifikiri. "Jana alisema ukuta unatembea. Hilo ni sikio. Na juzi alisinzia kikombe kikiwa mkononi, chai ikamwagika. Hilo ni jicho."

"Cha mchana anameza saa ngapi?"

"Saa saba. Akishakula."

Saa ya ukutani ilisema saa sita na dakika kumi na mbili.

*

Ofisi ya Mwalimu Mkuu ilikuwa mwisho wa korido. Mwalimu Mkuu alikuwa mama wa makamo, mkavu wa maneno, ambaye watoto walimwita Kengele kwa sababu hakuna kilichoanza wala kuisha shuleni bila yeye. Aliisikiliza habari yote bila kuweka kalamu chini.

"Piga simu kwa mzazi."

"Nimepiga. Mama yake anashona kiwanda cha nguo, simu zao huachwa getini. Nimempata mlinzi, amesema atapeleka ujumbe wakati wa mapumziko. Bibi hana simu."

"Na wewe unataka kuacha darasa la watoto hamsini katikati ya kipindi."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Kwa sababu ya mchoro."

Mwalimu wa hesabu, ambaye alikuwa amemfuata nyuma, alitia neno. "Mwalimu Mkuu, hawa watoto hutia chumvi. Wiki iliyopita mmoja aliandika kwamba mchwa wana malkia anayelala na viatu."

"Huyo hakutia jicho," alisema Mwalimu Mdogo. "Alitia alama ya kuuliza. Huyu ametia jicho."

Mwalimu Mkuu aliivuta miwani puani. "Umenisumbua miezi mitatu mwanangu. Kila kikao unaniambia tuachane na kunakili, watoto wanaweza kuona na kuandika ukweli. Sasa nikuulize. Wewe mwenyewe unaamini alichoandika huyu?"

Swali lilikuwa jepesi na lilimkata kama wembe. Kama mtoto amekosea, yeye ni mwalimu mgeni aliyekimbiza upepo. Kama mtoto amepatia, kuna mwanamke mzee anayemeza dozi mbili kwa siku ya nne leo, kwa amri ya kitabu chenye nyota yake.

"Naamini," alisema.

"Basi umesimama hapa kufanya nini?" Mwalimu Mkuu alimgeukia mwalimu wa hesabu. "Wewe, kaa na darasa lake."

"Mimi? Mimi nina kipindi cha..."

"Ulikuwa na kipindi pia ulipokuwa mlangoni kwake."

*

Walitoka getini wawili, mwalimu na mwanafunzi, nusu wakitembea nusu wakikimbia. Jua lilikuwa la utosi. Walipita kibanda cha mchomelea vyuma, wakapita duka la vioo ambapo walijiona wakipita, kisha wakakata uchochoro wenye maji ya kufulia. Profesa alikuwa mbele, sketi ameishika kwa mkono mmoja.

"Mwalimu, mbona tunakimbia?"

Angeweza kumdanganya. Alitafuta uongo mzuri, akaukosa.

"Nadhani dawa zile mbili ni dawa moja. Bibi anameza mara mbili ya anayotakiwa."

Profesa alisimama ghafla, nusura mwalimu amkanyage. "Lakini niliandika vizuri."

"Uliandika vizuri sana. Twende."

"Niliandika kweli tupu, Mwalimu!"

"Najua. Twende, mwanangu, usisimame."

Kwenye kona palikuwa na duka la dawa. Mwalimu Mdogo alitazama saa, sita na dakika ishirini na sita, akapiga moyo konde akaingia. Mbele ya kaunta walikuwapo watu wanne, na wa kwanza, mzee mwenye fimbo, alikuwa anachagua mswaki kama anachagua mke.

"Samahanini wazazi wangu, nina mgonjwa wa hatari."

"Wote hapa ni wagonjwa, binti," alisema mama mmoja bila kugeuka. "Hukuona mstari?"

"Mama, nakuomba."

Labda ilikuwa sauti. Labda ni yule mtoto wa sare aliyeanza kulia kimyakimya, ameshika kitabu cha manila kifuani. Yule mama alijisogeza. Mfamasia, kijana mwenye ndevu chache, alikipokea kitabu akidhani ni utani wa shule. Alisoma ukurasa wa nne. Akafika wa tano, na mgongo ukamnyooka.

"Nani kaandika hiki?"

"Mimi," alisema Profesa.

"Ulinakili kwenye pakiti yenyewe? Hizi herufi ndogo?"

"Jicho," alisema mtoto kwa sauti isiyosikika vizuri.

Mfamasia alimtazama mwalimu. "Ni dawa moja, makampuni mawili. Hii inapunguza mwendo wa moyo. Mtu mzima akiizidisha siku kadhaa, moyo unaweza kwenda polepole mpaka..." Alimwona mtoto, akaikunja sentensi. "Ana usingizi? Kizunguzungu?"

"Vyote."

"Asimeze tena hata kimoja. Cha bluu wala cheupe, mpaka daktari ampime. Mpelekeni kituo cha afya sasa hivi, na mbebe pakiti zote mbili. Asitembee, mbebeni."

*

Nyumba yao ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya gereji ndogo. Ngazi zilikuwa nyembamba na zenye giza, na Profesa alizipanda kwa kujua kila moja ilipovunjika. Mlango ulikuwa umerudishwa tu. Chumba kilikuwa kisafi: kitanda, cherehani iliyofunikwa kitambaa, meza, ndoo ya maji yenye mfuniko. Juu ya ndoo kilining'inia kitabu kwa uzi mwekundu, kimefunguka katikati, pakiti zile mbili zikitazama chumba.

Bibi alikuwa kwenye kiti. Sahani tupu ilikuwa mezani. Pembeni ya sahani vilikuwapo vidonge viwili, cheupe na cha bluu, na kikombe cha maji tayari kilikuwa mkononi.

"Bibi!"

"Aa, mume wangu mdogo," alisema Bibi kwa ulimi mzito, maana ndivyo alivyomtania mjukuu wake akiwa na sare na tai. "Mmefukuzwa shule?"

"Shikamoo, Bibi," alisema Mwalimu Mdogo, na hapo hapo akasogea mezani. "Bibi, usimeze hivyo vidonge."

"Marahaba. Wewe nani?"

"Mimi ni mwalimu wake."

"Mwalimu wake!" Uso wa mzee ulichangamka, kisha macho yakaelea, yakarudi. "Mwalimu wa nyota. Karibu kiti. Nimekula mapema leo, mwili hauna nguvu. Nimeze kwanza dawa, ndiyo tuongee."

"Hapana, Bibi. Hivyo ni vingi. Kitabu kimekosea."

Bibi alikishika kikombe chake vizuri zaidi. Taya lilikuwa limekaza. "Kimekosea vipi? Mjukuu wangu kakaa hapo chini jioni nzima ameandika, penseli mpaka imeisha. Nilikuwa nasahau za bluu, yeye ndiye aliyeziona. Mimi macho yangu hayasomi, lakini nyota naijua. Nyota si ni yako?"

"Ni yangu."

"Wewe uliiweka?"

"Niliiweka, Bibi."

"Ukiwa umesoma?"

Kutoka gereji chini nyundo iligonga chuma, ikanyamaza. Mwalimu Mdogo alijua Profesa anamtazama. Alijua pia kwamba kuna jibu dogo, la adabu, linaloweza kumpitisha hapa salama: kwamba mtoto aliongeza ukurasa baadaye, kwamba watoto ni watoto. Kidonge cha bluu kilikuwa sentimita mbili kutoka kwenye vidole vya Bibi.

"Sikusoma," alisema. "Nilimwambia aujaze ukurasa, akaujaza. Nikatia nyota bila kufungua. Yeye aliandika alichokiona, na alichokiona ni kweli. Kosa ni langu, Bibi. Hivyo vidonge ni dawa moja, na ukivimeza sasa vinaweza kukuua."

Bibi alimkazia macho. Ni vigumu kusema alichokiona. Kisha, polepole kama mtu anayeshusha mzigo wa mwingine, aliweka kikombe mezani.

"Basi mngesema tangu mwanzo," alinung'unika. "Ninyi watu wa shule mna mzunguko."

Alijaribu kusimama ili aonyeshe kwamba bado yupo. Magoti yakakataa. Mwalimu Mdogo alimdaka kwapani, na kichwa cha mzee kikamwangukia begani, chepesi kama cha ndege. Alimshika kiganja, akatafuta mshipa. Akasubiri. Pigo. Akasubiri tena, muda ambao mtu angeweza kusema jina lake na la baba yake. Pigo.

"Profesa, shuka kamwite fundi wa chini. Mwambie alete gari, na watu wawili wa kubeba kiti. Mbio!"

Mtoto hakusogea. Alikuwa amekodolea macho kitabu kilichoning'inia.

"Profesa!"

Akakurupuka. Miguu yake ilisikika ngazini, kisha sauti yake chini, kali, ikipasua kelele za gereji: "Fundi! Fundi! Bibi anaondoka!"

Walimshusha akiwa amekaa kwenye kiti chake, fundi mbele akirudi kinyumenyume, kijana wake nyuma, mwalimu pembeni akimshika mzee kichwa kisigonge ukuta. Katika kona ya ngazi Bibi alifumbua macho akamwambia fundi, "Leo umeoga," kisha akayafumba, na hakusema tena mpaka walipofika.

*

Kituo cha afya kilikuwa na benchi moja refu la mbao, na hapo ndipo walipokaa baada ya Bibi kuingizwa ndani kwa kitanda cha magurudumu. Nesi alipokea pakiti zote mbili, akauliza nani aliyemwambia azimeze pamoja.

"Mimi," alisema Profesa.

"Mimi," alisema Mwalimu Mdogo, kwa wakati ule ule.

Nesi aliwatazama mmoja mmoja, akaandika kitu, akaenda zake.

Saa saba ikapita. Saa nane ikapita. Kila mlango ulipofunguka walinyanyuka wote wawili, na kila mara alikuwa mtu mwingine na shida nyingine. Profesa hakulia tena. Alikuwa amekaa juu ya mikono yake, kama mtu anayeizuia isifanye kitu.

"Siandiki tena," alisema.

Mwalimu Mdogo alikuwa na maneno mengi mazuri kwa ajili ya mtoto asiyetaka kuandika. Alifundishwa chuoni. Aliyaacha yote huko huko.

"Nimesikia," alisema.

Hapo ndipo wazo lingine lilipomjia, likamnyanyua kwenye benchi. Hamsini na moja. Kulikuwa na vitabu vingine hamsini na kimoja, kila kimoja na pacha wake nyumbani kwa mtu, kila kimoja na nyota. *Jinsi Mjomba Anavyoziba Pancha. Meno ya Mdogo Wangu. Namna ya Kuwasha Jiko.* Alimpigia simu mwalimu wa hesabu.

"Vipi mgonjwa?"

"Hatujaambiwa. Nisikilize. Chukua vitabu vyote kwenye rafu, usome kila ukurasa. Chochote ambacho mtu akikifuata kitamdhuru, weka pembeni. Nakuomba. Najua unaviona vya kipuuzi."

"Nimefika cha kumi na tisa," alisema. "Nilianza mlipotoka. Sikutaka kukwambia."

Mama yake Profesa, aliyepata ujumbe wa mlinzi na kuelekezwa na watu wa gereji, alifika saa nane na nusu, nyuzi za kushonea zimemganda kwenye blauzi, kiatu kimoja hakijafungwa. Alimshika mwanawe kwanza, akamkagua kama aliyeanguka yeye, ndipo akageuka. Mwalimu Mdogo alimweleza yote akiwa amesimama. Hakujipunguzia kitu: ukurasa mtupu, haraka, nyota.

Mama huyo aliinama, akafunga kamba ya kiatu.

"Hospitali waliniambia aache za bluu," alisema hatimaye. "Waliniambia mimi. Nikaona dawa nzima nzima nizitupe kweli? Nikaziweka kwenye kopo. Na hicho kitabu nimekipita kila asubuhi nikichota maji. Nilisema, mwanangu anajua kuchora." Alijifuta uso kwa kiganja. "Usinibebee na langu, mwalimu."

Daktari alitoka saa tisa kasoro. Alikuwa ameshika karatasi, na wote watatu walijaribu kuisoma usoni mwake kabla hajasema.

"Alipofika mapigo yalikuwa thelathini na sita kwa dakika. Sasa ni arobaini na tisa na yanapanda. Ameuliza kama kuna chai." Alikunja karatasi. "Atalala hapa mpaka kesho tumwangalie. Lakini angemeza vya saa saba, tungekuwa tunaongea mengine."

Mama aliketi chini kama aliyekatwa kamba. Mwalimu Mdogo aliegemea ukuta, akafumba macho, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alisikia moyo wake mwenyewe ukienda mbio.

"Yanatakiwa kuwa mangapi?" aliuliza Profesa.

Daktari alikuwa ameshageuka. Akarudi nyuma hatua moja. "Nini?"

"Mapigo. Ya mtu mzima aliyepona."

"Sitini mpaka mia."

"Anayehesabu ni mtu au mashine?"

"Mashine. Na nesi anahakikisha kwa mkono."

Profesa aliitikia kwa kichwa. Midomo yake ilicheza, akilirudia jibu bila sauti. Penseli ilikuwa mfukoni mwa shati lake, ncha nje. Hakuigusa, na mwalimu wake alitazama upande mwingine ili asionekane anangoja.

Simu ikalia. Hakuwa mwalimu wa hesabu.

"Mgonjwa?" aliuliza Mwalimu Mkuu.

"Atapona, Mwalimu."

Ilisikika pumzi ndefu, ambayo Mwalimu Mkuu hakukusudia isikike. "Haya. Tumesoma vyote, mimi na huyu mwenzako. Nimekaa kwenye dawati la mtoto tangu saa nane, kiuno kimekufa. Vitatu tumeviweka pembeni. Kimoja kinasema ukiumwa na nyuki upake mafuta ya taa. Kingine ni cha kupanda juu ya paa kurekebisha antena. Hivyo viwili wenyewe wanakaa jirani na shule, nimeshatuma vifuatwe. Kinachonitisha ni cha jiko la gesi. Hatua ya kwanza anafungua gesi. Hatua ya pili anakwenda kutafuta kiberiti. Na watoto wameshakwenda nyumbani, hapa hakuna anayejua mwenyewe ni nani wala kwao ni wapi."

"Ni cha nani?"

"Jina siwezi kulisoma, amelifunika kwa nyota yako. Ana mwandiko unaolala kama mgonjwa."

Mwalimu Mdogo alirudia maneno hayo kwa sauti, akijaribu kuupata mwandiko akilini.

"Huyo ni Mdomo," alisema Profesa. "Anakaa nyuma ya kinu cha kusaga. Kwao nakujua."

Wakatazamana. Kisha wote wawili wakamtazama mama, aliyekuwa bado amekaa sakafuni, mgongo ukutani. Naye akainua mkono wenye nyuzi, akawapungia kuelekea mlangoni.

"Nendeni. Mimi nipo na mama yangu."

Profesa alikuwa ameshafika kwenye ngazi za nje.